Shangazi, watani walilala ndani ya kaburi la baba mkwe wangu

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni mama wa watoto wawili, Mkenya, mzaliwa wa Nakuru. Nimeolewa na Mhehe na makazi yetu ni Dar es Salaam. Tangu tumzike baba mkwe, ukweni hakuna anayezungumza nami vizuri, na mume wangu naye amekaa kimya. Nataka uniambie wazi kama kosa ni langu, maana mimi silioni.

Msiba ulikuwa kijijini, upande wa Kalenga, nje ya Iringa mjini. Tulisafiri kwa basi usiku kucha. Asubuhi ya maziko, tumekaa kwenye mikeka, wanawake tunalia, akaingia mama mmoja wa makamo amevaa koti la marehemu. Ni lile koti la kahawia alilokuwa akilivaa kila siku, Shangazi. Kichwani kofia yake, mkononi fimbo yake. Akawa anaburuta mguu wa kushoto vilevile alivyotembea mzee baada ya kupata kiharusi, akakohoa kikohozi chake, akamwendea mama mkwe na kumwambia kwa sauti nzito: "Mama, chai yangu iko wapi? Au umeshapata mwingine?" Watu wakacheka. Mama mkwe mwenyewe, mjane wa siku mbili, akaangua kicheko huku machozi yakimtiririka.

Nikauliza huyu ni nani. Wifi akajibu, "Wangoni hao, watani wetu. Waache." Nikajikaza. Tulipofika makaburini nikamkuta mwanamume mzima amelala chali ndani ya kaburi, mikono kifuani, anasema hatoki mpaka apewe hela kwa sababu shimo hilo ni zuri kuliko nyumba yake. Shemeji zangu wakaanza kupatana naye bei, jeneza limewekwa pembeni. Halafu yule mama wa koti akapaza sauti: "Fukieni upesi, leo mbwa wa kijiji hiki watalala usingizi!" Unajua Wahehe wanavyosemwa kwamba wanakula mbwa.

Hapo nilishindwa. Nilimvua yule mama lile koti kwa nguvu, nikawaambia wote hawana adabu, waende wakawatukane wafu wa kwao. Pakawa kimya. Yule wa kaburini akatoka bila kudai hata shilingi, akajipangusa udongo. Yule mama akavua na kofia, akaiweka chini pamoja na fimbo. Wakaondoka wote, kama watu kumi hivi, wakaacha majembe yao palepale. Vijana wa ukoo ndio waliofukia. Jioni mama mkwe aliniambia maneno matatu tu: "Umenifukuzia watu wangu."

Shangazi, Januari 2008, Kenya ilipoingia kwenye vurugu za baada ya uchaguzi, nilikuwa na miaka 12. Jirani aliyekuwa akitutania sokoni kila siku kuhusu kabila letu, kwa kicheko hikihiki, ndiye aliyewaonyesha vijana mlango wetu. Tulilala uwanja wa maonyesho wa Nakuru pamoja na maelfu ya watu waliokimbia makwao. Mpaka leo mtu akitaja kabila la mwenzake huku anacheka, mwili wangu wote unakakamaa.

Na si msibani tu. Kazini, msimamizi wangu kila asubuhi ananiita "nyang'au". Nikiongea na mteja anadakia kwamba Kiswahili kilizaliwa Zanzibar, kikakulia Tanzania bara, kikaugua Kenya, kikafia Uganda na kuzikwa Kongo, na kwamba mgonjwa mwenyewe ndiye huyu hapa. Mwaka jana ujauzito wangu uliharibika. Niliporudi kazini alisema mbele ya wenzangu kwamba Wakenya hata mtoto anataka alipwe kwanza ndipo azaliwe. Nilikwenda kulia chooni. Nilipomwambia ameniumiza, akasema, "Sisi ni watani, zoea. Ukiishi Tanzania ujue utani." Juzijuzi nikamrudishia, nikamtania kuhusu kitambi chake. Aliniandikia barua ya onyo kwa utovu wa nidhamu.

Mume wangu anasema yote haya ni utani na mimi ndiye nisiyejua kucheka. Ni kweli? Nifanye nini na ukweni, na nifanye nini na huyu bosi?

Mkamwana, Dar es Salaam

*

Marahaba mwanangu. Pole kwa kufiwa na baba. Na pole sana kwa ujauzito ulioharibika, maana katika barua yako yote sioni mahali ambapo mtu alikupa pole hiyo.

Mume wako anakosea anaposema yote ni utani. Umeniletea mambo mawili ambayo hayana undugu wowote. Yule mama wa koti ni mtani wenu. Msimamizi wako si mtani wako, ni mtu anayekunyanyasa. Nitaanza na msiba, kwa sababu huko ndiko kwenye watu utakaoishi nao maisha yako yote.

Kaburi lile lilichimbwa na nani? Jibu umeliandika mwenyewe: Wangoni waliondoka wakaacha majembe yao. Wakati nyinyi mmekaa kwenye mikeka, wao walikuwa shimoni. Sitashangaa ukiuliza ukaambiwa kwamba maji ya kupikia waliyateka wao na kuni walipasua wao. Hiyo ndiyo kazi ya mtani. Kwenye msiba wa mtani wake anashika kila kazi ambayo mfiwa hana nguvu nayo, anachimba, anabeba, anapika, na akiwa katikati ya kazi hizo anawachokoza wafiwa ili huzuni isiwameze. Hela aliyokuwa akidai mle kaburini ni hela ndogo, na shemeji zako walijua hivyo, ndiyo maana walikuwa wanapatana naye badala ya kumvuta nje. Siku akifiwa yeye, Wahehe watakwenda, na Mhehe mmoja atalala kwenye kaburi la Kingoni na kudai chake.

Hawa watu hawakuanza kama marafiki. Wangoni walipanda kutoka kusini mwa Afrika katika misukosuko ya zama za Shaka, mfalme wa Wazulu, wengine wakaja kukaa Songea. Wakati huohuo Munyigumba, na baada yake mwanawe Mkwawa, walikuwa wanaujenga utawala wa Wahehe Iringa. Miaka ya 1870 na mwanzoni mwa 1880 walipigana vita vikali, wakauana sana, na hakuna aliyeweza kummaliza mwenzake. Baadaye kila mmoja akaonja chuma cha Mjerumani kwa zamu yake: Mkwawa akafa mwaka 1898, na viongozi wa Wangoni wakanyongwa Songea mwaka 1906 wakati wa Maji Maji. Ukimuuliza Mhehe leo nani alishinda ile vita ya wao kwa wao, atakuambia Mhehe. Mngoni atakuambia Mngoni. Wajukuu wanaibishania mpaka kesho, na kwa kuwa wanaibishania hivyo, hakuna anayehitaji kuirudia.

Wengine walipata utani kwa njia ya safari. Wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma wa karne ya 19 walitembea kwa miezi wakishuka Bagamoyo na pembe za ndovu, wakipita katika nchi za Waluguru, Wazigua, Wakwere na Wazaramo. Mtu akiugua njiani, ndugu zake wako mbali. Akifa, nani atamzika? Mtani ndiye alikuwa na haki ya kukuingilia nyumbani akachukua kuku bila kuomba, na ndiye alikuwa na wajibu wa kukulaza na kukuzika. Haki na wajibu vilikwenda pamoja. Ndiyo sababu mpaka leo ukitaka kuwaona watani wakiwa kazini hasa, nenda msibani. Kwenye mpira wa Simba na Yanga utasikia tu maneno.

Najua ule mguu ulioburutwa ulikuuma kuliko hata wale mbwa. Lakini fikiri: ili mtu aweze kukohoa kikohozi cha mzee namna ile, mpaka mjane wake acheke na kulia kwa pamoja, lazima awe amekaa na mzee huyo miaka mingi. Yule mama alikuwa anamlilia rafiki yake. Mtani hatakiwi kulia waziwazi, kwa hiyo alimlilia kwa njia anayoruhusiwa. Na mama mkwe wako, kwa dakika moja, alimsikia mumewe akidai chai. Ulipomvua yule mama koti, ndicho ulichokikatiza, na ndiyo maana mama yako alisema "watu wangu".

Sasa nizungumzie Nakuru. Hofu yako ina sababu, na mtu yeyote anayekuambia uicheke hajui ulichokiona. Usikubali mume wako aiite kukosa ucheshi. Mimi nisingethubutu kusema kwamba kutaja makabila huku watu wanacheka ni jambo salama kila mahali, si salama. Hata hapa Tanzania, Mhaya au Mmasai angelala kwenye kaburi la Mhehe namna ile, angetolewa kwa fimbo, kwa sababu hana utani naye. Yule jirani yenu wa sokoni alichukua ruhusa ambayo hakuna aliyempa. Alikuwa na maneno ya mtani bila wajibu wa mtani. Hakukuwa na siku ambayo angepaswa kuja kuchimba kaburi kwenu, wala siku ambayo nyinyi mngeweza kuingia kwake na kumjibu mkiwa salama.

Watani nao wana mipaka. Mtani mwenye akili hamtanii mtoto yatima, hagusi aibu ya chanzo cha kifo, na akimwona mfiwa mgeni asiyeelewa anamwepuka au anamtuma mtu amweleze kwanza. Ule wa mbwa ulitupwa mbele ya mkamwana mgeni anayetetemeka, na mzee mmoja alitakiwa kukusogelea. Zaidi ya wote, mume wako alitakiwa. Usiku kucha ndani ya basi, kutoka Dar es Salaam hadi Iringa, alikuwa na muda wa kukuambia: kesho utaona watu wanavaa nguo za baba na kulala kaburini, usishtuke, ndio wanaotuzikia. Hakusema. Namwambia na yeye, kwa maana najua atasoma: mwanangu, ulimpeleka mkeo msibani bila kumwelekeza, na sasa unamwachia peke yake lawama ya ukoo mzima. Simama naye. Wewe ndiye uwapigie kwanza ndugu zako.

Kurekebisha hili kunawezekana, na si kwa kulia wala kwa barua ndefu. Mtani hapokei samahani ya aina hiyo, ataona unamfanya mgeni. Siku ya kumaliza msiba nenda mapema, siku moja au mbili kabla. Mtafute wifi yako, yule aliyekuambia "waache", umweleze habari za Nakuru kama ulivyonieleza mimi, halafu umwombe amwambie mama mkwe. Wengi wao hawajui. Wanadhani umewadharau kwa kuwa umetoka mjini. Mama mkwe hana utani na wewe, yeye ni wa heshima, kwa hiyo kwake piga magoti, mwombe radhi kwa kuwaondoa watu wake, na mwombe ruhusa ya kwenda kwa yule mama.

Kwa yule mama nenda na kuku, na kama ni msimu wa mvua uchukue na ulanzi, ile pombe ya mianzi. Usiende peke yako, nenda na wifi au shemeji. Kwa kuolewa kwako umekuwa mtani wake na wewe, unayo ruhusa. Ukifika mlangoni mwambie umesikia Wangoni walikimbia kazi baada ya kukemewa na mwanamke mmoja, ndiyo maana Mkwawa hakuwahi kuwaogopa. Waambie majembe yao yamezuiwa mpaka walipe faini ya kumwacha Mhehe afukiwe na watoto. Utaona atakavyokurukia. Atakudai faini kubwa zaidi, atakuambia Wakenya mnamfukuza mtu hata kwenye kaburi alilochimba mwenyewe. Jibu. Ukishindwa kujibu, cheka tu, na umpe kuku. Kama moyo bado unakaza ukiwa pale, mwambie wifi akusaidie kusema, hakuna aibu. Na kama mama mkwe ataridhia, yule mama apewe lile koti. Katika nyumba nyingi mtani hupata kitu katika vitu vya marehemu, na huyu alishachagua chake.

Nije kwa msimamizi wako.

Umemtania kitambi mara moja, akakupa onyo la maandishi. Kwa barua hiyo amekiri mwenyewe kwamba hakuna utani kati yenu. Mtani hana haki ya kukasirika anaporudishiwa, hiyo ni sheria ya kwanza ambayo hata mtoto anaijua: babu anamwita mjukuu wa kike mke wake, mjukuu anamwambia babu amezeeka, hamtaki, na babu anacheka. Shemeji kwa shemeji hivyohivyo, mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi hivyohivyo. Huyu anasema yeye tu. Anasema mbele ya wateja, ambako huwezi kujibu bila kupoteza kazi. Na alipoona una kidonda cha mtoto, akaweka kidole palepale. Niambie, siku ile ujauzito ulipoharibika alikuja kwako? Alichangisha hata nauli ya hospitali? Mtani angekuwa wa kwanza mlangoni.

Hilo neno nyang'au nalo lina historia. Lilivuma zama za Ujamaa, Tanzania ilipokuwa ikiwasema mabepari wa Kenya, na Wakenya nao wakatujibu kwa maneno yao. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977 na mpaka ukafungwa mpaka 1983. Leo vijana wa nchi hizi mbili wanarushiana maneno hayo mitandaoni usiku na mchana, na mimi sina ugomvi nao, kwa sababu Mkenya anajibu kwa nguvu zilezile. Wewe mezani kwako unafanyiwa jambo jingine kabisa.

Sheria nayo inalijua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini kwa misingi ya utaifa, kabila, mahali mtu anapotoka, na hata ujauzito, na inahesabu unyanyasaji wa mfanyakazi kuwa ni ubaguzi. Hakuna mahali inaposema kwamba ukiongeza "natania tu" unasamehewa. Chukua daftari, andika kila tukio unalolikumbuka: siku, maneno yenyewe, nani alisikia. Lile la ujauzito liandike la kwanza. Ijibu barua ya onyo kwa maandishi, kwa lugha tulivu, useme kwamba ulirudisha maneno ya aina aliyokuwa akikuambia kila siku, na uyataje. Nakala moja ibaki kwako, moja iende kwa afisa rasilimali watu, na kama kuna chama cha wafanyakazi, moja kwa mwakilishi wenu. Waombe wale wenzako waliosikia waandike majina yao. Wapo watakaoogopa, usiwalaumu, mmoja au wawili wanatosha.

Ofisi isipochukua hatua, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Huhitaji kuwa na wakili kuanza, kuna fomu unajaza na msuluhishi anawaita wote wawili. Lakini kuna muda. Kwa migogoro ambayo si ya kuachishwa kazi, unatakiwa kupeleka lalamiko ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Umeniambia onyo lilikuja "juzijuzi". Itoe hiyo barua leo uangalie tarehe yake, na majibu yako yawe yamefika kwa afisa rasilimali watu kabla hujapanda basi la Iringa.

Shangazi